Tulia, Bodza

Jana hakikuwapo.
Jana ulirudi kutoka mto Tisza umelowa chapachapa,
unanuka tope na samaki,
ukajikung'uta juu ya shuka nilizoanika.
Nikakutukana, kisha nikakupa mfupa.
Leo alfajiri, juu ya paja lako la kushoto,
kiraka chekundu, upana wa kifuniko cha chupa ya jamu,
manyoya yamegandana, majimaji yanang'aa,
na joto lake nalihisi kabla kidole hakijagusa.

Usiku mmoja tu! Hata unga wa mkate hauumuki hivyo.

Kaa hapa mlangoni penye mwanga.
Huu ni mkasi wa Dezső, ule wa kazi.
Miaka thelathini na minne alinyoa mji mzima,
mameya watatu, mapadri,
na maiti mmoja au wawili kwa heshima,
lakini wewe alikataa kukugusa.
"Mbwa mweupe hanyolewi," alisema. "Nani hufyeka theluji?"
Unisamehe, marehemu. Leo nafyeka.

Naanzia pembeni, polepole,
maana kidonda hiki ni mwongo:
juu kinakuonyesha sarafu,
chini ya manyoya kumbe ni kiganja.
Nguruma, ndiyo. Nguruma tu, meno yabaki nyumbani.

Jirani Ilus, kutoka ng'ambo ya ua, anagawa dawa bila kuulizwa.
Siki, anasema.
Pombe ya plamu, anasema mumewe.
Pombe kanyweni wenyewe.
Mimi nina maji niliyoyachemsha yakapoa,
nusu lita, chumvi kijiko kimoja cha chai,
na kipande cha foronya safi.
Nabonyeza, sisugui.
Kisha nakausha, napepea kwa gazeti la parokia,
ukurasa wa tanzia,
mpaka ngozi iache kung'aa.
Unyevu ndio mama yake huyu.

Sasa ulimi wako.
Unalamba kwa kuwa kinawasha,
kinawasha kwa kuwa unalamba,
na machoni unaonekana umejaa imani, kama daktari.
Basi nimekata chengeu ya taa ya sebuleni,
ile ya waridi, zawadi ya wifi,
nimekuvika shingoni, nimeifunga kwa utepe.
Unagonga milango. Unagonga kiti. Unanitazama
kama bibi harusi aliyedanganywa.

Najua, Bodza. Najua.
Tangu Machi nami nina pangu pa kulamba:
droo ya chini, taulo lake la dukani,
harufu ya sabuni inayopungua kila ninapoinusa.
Kila usiku nafungua. Kila asubuhi pamechubuka zaidi.
Mimi hakuna aliyenivika taa.

Mara tatu kwa siku: maji, pamba, gazeti.
Nimepima ukingo wake kwa uzi.
Kikivuka uzi huu, kikitoa usaha, ukisusia chakula,
tutapanda basi la saa moja kwenda kwa Dakta Rozália,
na usinitolee macho,
nauli yako ni kubwa kuliko yangu.

Alhamisi hakijavuka.
Katikati pamefanya gamba, kavu, rangi ya chai.
Usiku ulijitupa sakafuni mbele ya ile droo,
ukakoroma ndani ya maua yako ya waridi,
ukingo wa chengeu umeziba mpini.

Ningeweza kukusogeza.
Kilo arubaini na mbili, lakini ningeweza.