Herufi Elfu Moja na Mia Tano

Duluth, Februari, saa nne za usiku.
Ziwa limeganda hadi pale macho yanapochoka.
Chini yetu mashine za dobi zinazungusha nguo za watu,
sakafu inatetemeka, na kikombe changu cha kahawa
kinatembea chenyewe, polepole, kuelekea ukingo wa meza.

Fomu inauliza: Elezeni athari yenu.
Herufi elfu moja na mia tano, nafasi zikihesabiwa.
Nafasi zikihesabiwa!
Yaani hata pumzi kati ya neno na neno
inaingizwa kwenye daftari la tajiri.

Nimeandika: Tunakarabati viti vya magurudumu
na kuviazimisha bure.
Nimefuta "bure."
Mwaka jana afisa wao wa miradi,
kijana mpole mwenye skafu ya sufu,
alininong'oneza kwamba neno hilo huitisha bodi.
Niweke "pasipo gharama kwa upande wa mnufaika."
Neno moja limezaa sita, na yote yana njaa.

Mzee Sundvall hatoshi humu.
Alikuja na kiti cha marehemu mkewe,
akasema kitengenezeni, apewe mwingine,
kisha akakikalia saa nzima
akitusimulia jinsi mama yule alivyozilalamikia breki.
Fomu inataka: Wanufaika, 212.
Nimemhesabu. Yumo kwenye ile mbili ya mwisho.

Swali la saba: Mtajiendeshaje ruzuku ikiisha?
Delphine, mikono myeusi kwa grisi,
anacheka kutoka nyuma ya rafu:
"Waambie, kama tunavyojiendesha isipokuja."

Sasa, kuhusu Wakfu wenyewe.
Fedha yao ilitoka kwenye karatasi.
Kinu kilikuwa kando ya mto, maili ishirini toka hapa.
Baba yangu, Eino Tuominen,
alikitumikia miaka thelathini na mmoja
akaacha vidole viwili kwenye roli namba nne.
Walimlipa. Nisiseme uongo, walimlipa:
alinunua jokofu,
na mama hakulisifia hata siku moja.
Katika ripoti ya mwaka mwanzilishi anatabasamu,
mikono juu ya meza, vidole vyote kumi.
Naam, nilivihesabu.
Tabia mbaya, lakini ni urithi wangu.

Je, niyaandike haya? Yana herufi ngapi?
Husemwa mkono usioweza kuukata, ubusu.
Hawakusema cha kufanya
na mkono uliokukata wewe,
ambao sasa umefunguka, kiganja juu,
na ndani yake kuna bei ya matairi ya mwaka mzima.

Nimerudisha kikombe katikati.
Saa sita kasoro dakika kumi na moja; saa sita wanafunga.
Nina 1,510. Kumi zimezidi.
Nijaribu kufuta "wazee"? Hapana.
"Breki"? Breki ni roho za watu, kilima hiki kinateremka hadi ziwani.
Halafu naliona, limejibanza kwenye sentensi ya mwisho:
tafadhali.
Herufi tisa, na nafasi iliyo mbele yake, kumi.

Nimelifuta.
Ombi limebaki limesimama wima, halina magoti,
na sijui kama hiyo ni heshima
au ni hesabu tu.

Nimebonyeza. Majibu, wanasema, baada ya wiki kumi na mbili.
Nikaenda dirishani nikalitamka lile neno kwa sauti,
likaacha ukungu kwenye kioo, upana wa kiganja,
ukakaa kidogo.

"Umetuma?"
"Nimetuma."
"Basi njoo unishikie gurudumu hili.
Mwenyewe anakuja saa mbili asubuhi,
na huyu hachelewi."