Robo ya Mwisho

Mwalimu Luvanda alipohamishiwa Ludewa
aliacha vitu vitatu: kibatari,
paka wa jicho moja, na kitabu kisicho na jalada.
Paka alikataa kutufuata. Kitabu tulikibeba.

Mwaka ule Bulongwa ilikuwa na baridi ya kutafuna masikio,
umande ukiganda juu ya viazi kama chumvi.
Mama alikuwa udongoni tangu Machi,
baba alimtangulia kwa msimu mmoja wa pareto.
Tulibaki wanne na moto mmoja,
mimi na miaka yangu kumi na minne na funguo zote.

Nikawasomea.
Ukoo wa Mwewe wa Theluji uliuawa usiku mmoja,
wakasalia watoto saba na upanga uliovunjika vipande saba.
Walijifunza kupigana kwa kuteka maji na chujio,
kwa kusimama mguu mmoja hadi ndege wawadhanie mti.
Aliyehitimu alitembea juu ya ncha za mianzi
na mianzi isiiname.

Hapo Obadia akagoma.
“Mwanzi haumbebi mtu. Kamuulize mgema.”
Nikamwonesha tanbihi, chini, kwa herufi za sisimizi:
“Mwanzi: nyasi iliyokua ikawa mti.
Msomaji asiyewahi kuuona na afikirie mnazi mwembamba.”
Tulicheka hadi Tumsifu akajikojolea.
Mfasiri maskini! Mtu wa joto, bila shaka,
hajawahi kuamka akaikuta mbeta imejaa ulanzi
na nyuki wamelewa ukingoni.
Sisi mnazi ndio hatujauona.

Lakini alitupa neno moja, sijui alilitoa wapi: pumzi-shina.
Pumzi inayokaa chini ya kitovu, mahali adui hafiki.
Vumilia aliitumia mtoni, akifua mablanketi.
Mimi niliitumia siku Baba mdogo Alatanga alipokuja
na wanaume watano wa ukoo,
wakakaa, wakanywa chai kwa sukari yetu yote,
wakatugawa.

Bila ubaya. Nasema kweli, bila ubaya:
Vumilia Njombe, Obadia Mafinga kwenye mbao,
Tumsifu Makambako kwa shangazi mwenye genge,
mimi Mbeya, kwa watu waliohitaji msichana.
Kitabuni wazee wa ukoo hufanya hivyo kwa upanga.
Wetu walitumia kalamu ya wino,
nyuma ya daftari la michango ya msiba.

Usiku ule hatukulia. Tulichana.
Kitabu kilishonwa kwa uzi, si gundi; kilikubali.
Obadia robo ya vita, Vumilia robo ya mtawa kipofu,
mimi mwanzo, kwa kuwa nilikuwa mkubwa.
Mwisho tulimpa Tumsifu, asiyejua kusoma,
tukidhani kwake utakuwa salama.
Hatukuwa tumeufikia.
Nilikuwa nimewakataza kuchungulia.

Shangazi wa Makambako aliuza karanga.
Mnajua karanga hufungwa kwenye nini.

Sasa Obadia ana mashine yake ya mbao na mvi mbili.
Hupiga simu mvua ikimzuia kazi:
“Wale saba, dada, walikutana?”
Kila mara namjibu tofauti.
Juzi nilimwambia walikutana sita.
Akanyamaza. Nikasikia mabati ya Mafinga yakipigwa.
“Nani hakuja?”
Nikasema mtandao unakatika.

Na basi likisimama Makambako,
wachuuzi wakinyanyua mabeseni hadi dirishani,
nanunua karanga, sina hata njaa,
nazimwaga mapajani, nakunjua karatasi.
Hesabu za darasa la tano. Risiti ya mbolea.
Mara moja tu, herufi ndogo, ukurasa wa kitabu hasa,
moyo wangu ukasimama mguu mmoja.
Kumbe Matendo ya Mitume.
Nikaupangusa chumvi,
nikaukunja, nikautia kwenye pochi.
Jirani yangu wa kiti akaniuliza kama karanga zimeoza.