Toleo la Pili Bado Linanywesha Watu

Alhamisi jioni, Ghala, ghorofa ya tatu.
Kiyoyozi kinakohoa kama mgeni anayetaka kuaga
na Biju anakunja waya wa chaja, ananiambia:
Thuwaiba, toleo la nne limetoka.
Miongozo ya zamani ifute, inachanganya watu.

Nikaifuta.
Sijitetei. Niliifuta.
Kurasa mia mbili na kumi na moja za toleo la pili:
jinsi ya kuamsha pampu, jinsi ya kuosha chujio,
onyo la chumvi, picha ya kitufe chekundu
niliyoipiga mwenyewe, kidole changu kikionekana pembeni.
Zote kwa mpigo mmoja,
kisha nikateremka kununua chai ya karaki.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, saa tisa, simu.
Masira. Hamdun wa zamu.
Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma.
Karatasi aliyoibandika kabatini, jua limekula herufi zake,
basi akatafuta kwenye simu, akaupata ukurasa wangu,
mpya, safi, umenyooka kama kanzu ya Idi:
*Kufunga, bonyeza kitufe cha tatu.*
Akabonyeza cha tatu.
Mtambo wake ni wa toleo la pili,
na huko cha tatu
hufungua.

Maji yaliyovuliwa chumvi tone kwa tone
yakamwagika uani saa nzima.
"Mchanga umeshiba," akasema. "Watu bado."

Hakufa mtu. Malori yalivuka na feri kutoka Shanna
na kufikia adhuhuri ndoo zikajaa.
Katika ripoti waliandika: kosa la mwendeshaji.
Nikalirudisha faili, nikafuta neno *mwendeshaji*,
nikaandika *ukurasa*.
Meneja akaniita. Hayo tuyaache.

Wiki ile nililala na kompyuta magotini.
Nilizifukua kurasa kutoka kwenye nakala za akiba,
kila moja nikaipiga chapa usoni:
*Hili ni toleo la pili. Kama mtambo wako si wa pili, rudi.*
Na za nne nazo nikazipiga chapa,
kwani upya si jina,
na "ya sasa" ni ya sasa kwa nani?
Kisha nikaanza daftari la mabadiliko:
tarehe, nini kimegeuka, nani amegeuza, kwa nini.
Pale kwenye *kwa nini* ndipo wengi hunyamaza.

Mama akaamka kunywa maji, akaniuliza naandika nini.
Nikamweleza, nikitafuta maneno kama mtu anayetafuta funguo gizani.
Akasema, Aa, batli.
Batli?
Daftari la nahodha. Kila siku ilikuwaje, chombo kilikuwa wapi.
Akazima taa ya jikoni, akaenda zake.

Mama huyu, binamu zangu wa Dar humcheka kwenye simu.
Anasema *motokaa*. Wao wanasema *gari*.
Kiswahili chake kiliondoka Unguja naye, msichana wa miaka kumi na minne,
na hapa Maskati hakuna aliyempelekea masahihisho.
Nami nimecheka nao, mara nyingi.
Usiku ule neno nililolikosa katika matoleo yote
lilikuwa katika la kwake.

Biju sasa ananiita Mlinzi wa Makaburi.
Namwambia makaburi hayafunguliwi mara arubaini kwa siku.
Namwonyesha hesabu: Masira, Sur,
kiwanda cha barafu Barka ambacho hakitaki kusikia habari ya toleo jipya.

Na toleo la kwanza?
Hilo tulidhani halina mtu.
Lakini kila mwezi, usiku wa manane,
mtu mmoja Khasab hufungua ukurasa wa kumi na saba,
*Kusafisha valvu kwa mkono*,
hukaa nao dakika sita, hufunga.
Hajawahi kupiga simu. Hayumo katika orodha ya wateja.

Bajeti mpya inasema toleo la kwanza lizimwe Septemba.
Nimejibu kwa mstari mmoja:
bado kuna anayesoma.