Ndoo

Chumba cha pampu, Shela. Chumvi imekula kitasa.
Faili la asembli lina mistari arobaini na mitatu,
kazi ya Famau kabla hajahamia bara.
Kompaila yake ilikuwa ya kulipia, leseni imekwisha;
hii ya bure imelikataa tangu alasiri.

Mstari wa kumi na saba, baada ya nukta mkato,
Famau ameandika: usiguse, kisima kitaingia chumvi.
Kwa ile ya kale nukta mkato ni pazia,
kilicho nyuma yake ni cha binadamu.
Kwa hii ni mlango tu. Imeingia, imesoma, inaniuliza:
"usiguse" ni amri gani?

Mwaka niliofika kutoka Nakuru
Bi Somoe alinipungia mkono barazani: Ndoo!
Nikakimbilia uani, nikajaza ndoo, nikamletea.
Alicheka mpaka ushungi ukamdondoka.
Alikuwa akiniita.

Pampu ya Matondoni bado inasema Kiamu cha Famau,
nikinyoosha huku nitavunja kule.
Basi naandika juu: ukiwa yule, soma hivi;
ukiwa huyu, soma vile.
Nageuza rejista, ya kupokea itangulie,
nahesabu mipigo ya saa kwa vidole. Saba.
Nahesabu tena. Sita. Tena.

Saa tisa usiku vali imekohoa, ikafunguka.
Onyo lake sikulifuta,
nimebadilisha alama ya mbele tu,
na chini yake nikaongeza:
Famau, nimegusa.