Jumanne Haina Chenji

Tangazo limebandikwa juu ya mtungi wa kuzimia moto,
kwa gundi ileile tunayobandikia lebo za madumu:
kuanzia mwezi huu saa za ziada hazilipwi fedha.
Ukizidisha saa, utarudishiwa saa.
Chini yake muhuri, na sahihi ya Mtweve
iliyojikunja kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Tulisoma tumeshika vikombe vya chai.
Leokadia alicheka peke yake.
Mama yake ana kliniki kila Jumanne,
na kila Jumanne humpeleka kwa simu:
"Shuka hapo, mama. Uliza dirisha namba nne."

Mbaraka hakucheka. Mbaraka hupima usiku kwa matofali,
usiku mmoja wa mashine, matofali kumi na moja Chanika.
"Sasa nijengee nini? Nipange Jumanne juu ya Jumanne,
nipige lipu, niezeke Alhamisi?"

Mimi nilifungua daftari.
Saa arobaini na moja tangu mvua za vuli,
zote zinanuka plastiki ya moto.
Nikauliza, maana mdomo wangu haujui kulala:
zamani saa ya ziada ilihesabiwa saa na nusu.
Hiyo nusu imejificha wapi?
Mtweve akatazama saa yake ya mkononi
kana kwamba imo humo.

Wakanipa Jumanne.

Nyumba yangu ya Yombo sikuitambua saa nne asubuhi.
Sikujua kwamba jua huingia kwa dirisha la jikoni,
hukaa kidogo juu ya ndoo, kisha hupanda ukuta
taratibu, kama mgeni anayeona haya kuuliza choo.
Nilifua. Nililala. Niliamka nimechoka kuliko nilivyolala.
Nilikuwa tajiri wa saa, sina wa kumgawia.

Saa walizonichukua zilikuwa za usiku,
za Tunu akisoma kwa sauti kitandani, akikosea, akirudia.
Walizonirudishia ni za mchana,
na mchana Tunu yuko darasa la pili, dawati la nyuma.
Mtu akikopa mchele wako akakurudishia pumba,
kibaba kilekile, kimejaa mpaka ukingoni,
utasema amelipa?

Saa nane luku ikaanza kulia.
Nikasimama mbele ya duka la Mangi, nikakosa la kusema.
Nilitaka kumwambia: nina Jumanne,
upande wa jioni haujaguswa,
kata robo, nipe sukari na umeme wa elfu mbili.
Mangi angeitazama huku na huku
aseme hana chenji.

Saa tisa na robo Tunu akatokea mlangoni, begi mgongoni.
Hakunikimbilia.
"Mama, umefukuzwa?"

Nilimkalisha katikati ya magoti yangu nikamsuka twende kilioni,
naye akanisomea habari za sungura na kisima
mara tatu, mara ya tatu bila kukwama,
hadi maharage yakaungua.
Tulikula hivyo hivyo, yenye moshi.
Siwezi kusema siku ile ilikuwa bure.
Vidole vyangu vingenisuta.

Jumatano, zamu ya usiku. Mashine namba tatu inakoroma,
na Mbaraka anapita nyuma yetu akinong'ona
kama muuza karanga kwenye msiba:
"Nauza Jumanne yangu. Nashika zamu yako, wewe unapumzika.
Elfu kumi na mbili. Nani?"
Leokadia ameshafungua fundo la khanga.
Mtweve hatajua. Mashine haiulizi mikono ni ya nani.

Nami nikapapasa mfuko wa ovaroli:
elfu tatu, ya sukari na ya luku.
Nikausikia mdomo wangu, huu usiolala,
ukiuliza katikati ya kelele:
"Na nusu je, unauza?
Kuanzia saa tisa."