Ngamia wa Barabara ya Kumi na Tisa

Asubuhi ya kwanza nililikuta limelala,
tumbo chini, matairi yamemezwa na bodi,
kama ngamia aliyegomea mzigo.
Nikacheka peke yangu. Mtaa huu tunauita Ngamiani
na sijamwona ngamia hata mmoja
hadi lilipokuja hili Renji la Shekiondo,
la mwaka ambao mimi nilikuwa darasa la tatu,
kijani chake kimeliwa na chumvi kwenye bawaba.

"Ni kompresa," akasema.
Fundi wa Gerezani alimwambia kompresa. Akanunua.
Miezi minne, ikaungua.
Akanunua nyingine, ya mtumba, inayokoroma kama mwenye pumu.
Yule wa Muheza akamwambia: toa upepo wote,
weka springi za chuma, endesha kama lori la mkonge.

Hapo ndipo alipokataa.
Akanionyesha kiti cha nyuma: mto wa sufi, kanga iliyokunjwa.
Mama yake, Bi Mejumaa, nyonga ilivunjika
ikaunga upande.
Kuna kitufe kwenye dashibodi. Ukikibonyeza
gari linashuka, linamngojea,
na bibi anapanda bila kubebwa.
"Bila kubebwa," akarudia, akatazama pembeni.

Nikachukua futi,
nikapima toka ukingo wa bodi hadi katikati ya ringi,
kona nne, nikaandika kwa chaki sakafuni.
Kibwana, mwanafunzi wangu, alidhani nachora bao.
Jioni namba zililingana.
Asubuhi zikalingana tena,
zote zimeshuka kiganja kizima.

Mtu angesema zinavuja zote nne.
Ndivyo linavyotaka usadiki.
Gari hili lina adabu ya watu wa zamani:
usiku, mwenyewe amelala, ubongo wake huamka,
hukagua kona moja moja,
na ikiwa moja imeinama
huziambia tatu, inameni nanyi, asiaibike mwenzenu.
Vali hufunguka, pumzi hutoka,
hata kukicha zote zimelala sawa
na mwenye kosa humjui.

Nimeishi nyumba kama hiyo. Tuyaache.

Nikang'oa relei chini ya kiti,
ile inayouamsha ubongo usiku.
"Leo kila mmoja asimame kwa mguu wake."
Alfajiri tulikwishachutama na tochi:
tatu wima.
Nyuma kushoto, magoti.

Povu la sabuni, brashi ya kunyolea.
Nikapaka mfuko wa mpira, kwenye mikunjo
ambako mpira huzeeka ukapasuka kama kisigino.
Hakuna.
Nikapaka bomba, inchi kwa inchi, hadi lilikopita juu ya ekseli.
Hakuna.
Kibwana akapiga mwayo. Mimi nikaona haya,
maana nilishamwambia Shekiondo mfuko ndio mbovu
na bei nilishataja.

Bloku ya vali niliipaka kutimiza wajibu tu.
Tukangoja.
Povu moja likavimba, taratibu,
jicho la dagaa,
likapasuka, likaanza upya.

Oringi. Nyembamba kuliko hereni ya mtoto,
imekauka, imekuwa bapa upande mmoja.
Kompresa mbili zimeuawa na hii,
kila asubuhi zikijaza kilichotoka usiku,
na kila aliyefunua boneti
akamlaumu yule aliyekuwa anafanya kazi.

Jumamosi Bi Mejumaa akaja mwenyewe.
Kitufe. Gari likapiga magoti, safari hii kwa kuombwa.
Akatanguliza bakora, kisha nyonga mbovu, kisha nzima,
akakaa, akaitengeneza kanga yake.
Hakunishukuru. Aliniuliza
mbona fundi mzima unanuka sabuni kama dobi.

Kompresa bado ina pumu. Nimemwandikia Shekiondo kikaratasi:
pete ya pistoni, mwezi ujao, tusisahau.
Namba zipo bado sakafuni.
Kibwana kazirukia wiki nzima, hataki kuzikanyaga,
na mimi sijamwambia azifute.