Mita ya Dzitsoni

Kila Januari hutumwa mimi,
kwa kuwa ofisini sina mjomba.
Malindi hadi Marafa kwa gari,
kisha nyuma ya pikipiki ya Kitsao
hadi pale pikipiki nayo inaposema basi.
Kutoka hapo ni miguu tu,
na udongo mwekundu unaopanda mpaka kwenye kope.

Dzitsoni. Nyumba arubaini,
arubaini na moja ukimhesabu Ngowa,
aliyehamia kwenye banda la mbuzi wake
baada ya kugombana na mkewe juu ya redio,
naye anashikilia ahesabiwe peke yake.
Shule ina madarasa mawili. La tatu ni kivuli cha mkwaju;
jua likisogea, mwalimu hulisogeza darasa,
na ikifika saa sita, hesabu zinafundishwa uani kwa jirani.

Duka ni la Nyevu: chumvi, betri,
panadoli kwa kidonge kimoja kimoja,
na sare moja ya shule, kimo cha mtoto wa miaka saba,
imetundikwa tangu mwaka wa mafuriko.
Kila mtoto wa pale ameshaijaribu,
akaizidi, akaiacha.

Maji? Jina lenyewe ni jicho.
Palikuwa na jicho la maji chini ya kilima,
halikufumba hata mwaka watu walipokula ngozi.
Siku hizi hufumba Agosti, hufumbua likipenda.
Wanawake huchimba, hungoja, huteka kwa kata,
kata moja, kimya, kata nyingine,
mpaka dumu lijae na nyota ziwe zimekwisha.

Ndipo serikali ikaleta bomba.
Nisiseme uongo: ilileta kibanda cha bati,
mfereji wa shaba, kipande cha bomba kinachotokeza nyuma,
mita ya kioo yenye tarakimu tano,
na kufuli.
Ufunguo alikabidhiwa Mbodze, mbele ya wageni na maturubai,
naye hajauvua shingoni tangu siku ile, hata akioga,
akipata ya kuogea.
Maji yenyewe, tuliambiwa, yako njiani.
Njia ile naijua. Siyalaumu.

Basi kazi yangu ni hii: Mbodze anafungua,
anamfukuza kuku anayeatamia chini ya mfereji,
anapangusa kioo kwa ncha ya leso.
Nachuchumaa, nasoma, naandika
sufuri, sufuri, sufuri, sufuri, sufuri.
Miaka sita. Sufuri zangu sasa zina mwandiko mzuri.
Yeye hutia kidole gumba, ingawa fomu haidai.
Kisha sima na mtsunga mchungu,
na habari za mji: sukari bei gani, nani kafa, nani kaoa tena.

Mwaka huu nikachuchumaa, nikasoma,
nikafuta kioo kwa shati langu, nikasoma tena.
Tatu.
"Mama, maji yalikuja?"
Mbodze akamtazama kuku.
Watoto mlangoni wakapungua mmoja mmoja,
akabaki Bendera, mjukuu wake, midomo imechubuka.
"Nilipuliza," akasema.
Miezi miwili, kila jioni, mdomo kwenye bomba kule nyuma,
pumzi juu ya pumzi, mpaka kigurudumu kikakubali.
"Nyevu alisikia huko sokoni: mita ikilala miaka saba
inang'olewa. Na wewe huji tena."

Fomu haina fungu la pumzi.
Nikataka kufuta, kalamu ni ya wino.
Mbodze alikuwa tayari anafungua fundo la leso:
"Uniti tatu ni shilingi ngapi?"
Nikamwambia hakuna deni, mama, hakikupita kitu.
"Kimepita," akasema. "Andika stakabadhi."
Nikaandika. Akaibandika ukutani kwa ugali,
juu kidogo, kuku asifike.

Ofisini Malindi wakaniuliza,
je, Dzitsoni wamepata maji?
Nikawaambia mita inasoma.